Ugomvi wa chama tawala na hatima ya Kaptembwo

WAHENGA walinena kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Kwa wakazi wa Kaptembwo, mtaa wenye msongamano mkubwa magharibi mwa jiji la Nakuru, methali hiyo si pambo la hotuba. Ni historia ambayo wengi wao waliipitia.

Mtaa huu ni makao ya Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo, ambao hupanga vyumba katika ploti moja na kununua sukumawiki katika kibanda kimoja. Kwa sababu hiyo, viongozi wa chama tawala wanapoanza kurushiana cheche za maneno, jambo la maana hapa si nani mwenye haki. La maana ni iwapo ufa huo utapita kati ya jirani na jirani.

Ukichunguza kwa makini, utabaini kwamba migogoro mingi mikubwa ndani ya vyama tawala nchini Kenya imekuwa na kiini kimoja: nani atamrithi Rais. Na mara si moja, Nakuru imekuwa jukwaa la kinyang'anyiro hicho.

Mnamo Septemba 1976, Rais Jomo Kenyatta akiwa mzee, vigogo wa chama cha KANU walihutubia mkutano mjini Nakuru wakitaka katiba ibadilishwe. Nia yao ilikuwa kumzuia Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asishike hatamu moja kwa moja iwapo Rais angefariki. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele ni mwanasiasa wa Nakuru, Kihika Kimani. Kampeni hiyo ilizimwa mwezi uliofuata, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alipoonya kuwa kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai. Mzee Kenyatta alipoaga dunia Agosti 1978, Moi alichukua usukani.

Miaka 24 baadaye ilikuwa zamu ya Moi mwenyewe kuchagua mrithi. Alipomteua Uhuru Kenyatta mwaka wa 2002, alimfuta kazi Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti, naye Raila Odinga akagura chama pamoja na vigogo wengine. KANU, iliyokuwa imetawala tangu uhuru, ilibwagwa na muungano wa NARC mnamo Desemba mwaka huo.

NARC nayo haikudumu. Mrengo wa LDP ulidai kuwa Rais Mwai Kibaki alikiuka mkataba wa maelewano kuhusu kugawana nyadhifa. Mzozo huo ulihamia katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, ambapo mawaziri wa serikali moja walipigana kwa alama za Ndizi na Chungwa. Chungwa lilishinda kwa asilimia 58 na Kibaki akavunja baraza lake la mawaziri. Kutokana na kambi hiyo ya Chungwa kulizaliwa chama cha ODM.

Hapo ndipo ugomvi wa wakubwa ulipofika Kaptembwo. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, marudio ya ugomvi wa NARC, huku kila upande ukiwa na jamii zake. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Mwishoni mwa Januari 2008 zililipuka Nakuru, na Kaptembwo ni miongoni mwa mitaa iliyoathirika vibaya. Nyumba ziliteketezwa, watu wakauawa, na majirani wa miaka mingi wakafurushana.

Hali hiyo inaeleza kwa nini Uhuru Kenyatta na William Ruto walichagua kutangazia muungano wao wa Jubilee Nakuru, katika uwanja wa Afraha, mnamo Desemba 2012. Wote wawili walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu ghasia hizo. Ujumbe wao ulikuwa kwamba jamii zilizopigana 2008 sasa zingepiga kura pamoja. Walishinda mwaka wa 2013, wakaunda chama kimoja cha Jubilee Septemba 2016, na wakashinda tena 2017.

Ila urithi ukajitokeza tena. Baada ya Rais Kenyatta na Raila Odinga kupeana mkono wa maridhiano Machi 9, 2018, Jubilee iligawanyika makundi mawili. Tangatanga lilimuunga mkono Naibu Rais Ruto, nalo Kieleweke likawa upande wa Rais.

Mnamo Mei 2020, Kipchumba Murkomen alivuliwa wadhifa wa kiongozi wa wengi katika Seneti. Aliyepokonywa wadhifa wa kiranja wa wengi alikuwa Seneta wa Nakuru, Susan Kihika, bintiye Kihika Kimani. Baba alijaribu kumzuia makamu wa rais kutoka Bonde la Ufa. Binti akapoteza cheo kwa kumtetea naibu wa rais kutoka eneo hilo hilo.

Mwezi uliofuata, Aden Duale aling'olewa katika wadhifa wa kiongozi wa wengi katika Bunge la Kitaifa. Lakini Ruto mwenyewe hakuguswa. Chini ya katiba ya zamani, Rais aliweza kumfuta makamu wake wakati wowote, kama Moi alivyomfanyia Saitoti. Katiba ya 2010 iliondoa uwezo huo, hivyo mahasimu wakaendelea kuketi katika serikali moja hadi 2022.

Ni vyema hapa kutazama Uingereza, ambako ugomvi ndani ya chama tawala nao si jambo geni. Kati ya 2016 na 2022, mawaziri wakuu wanne wa chama cha Conservative waliondoka mamlakani, na mmoja wao, Liz Truss, alidumu siku 49 tu. Chama hicho kiliadhibiwa vikali katika uchaguzi wa Julai 2024, kikabaki na wabunge 121. Hata hivyo, hakikufa. Kilibaki kuwa chama rasmi cha upinzani.

Tofauti ni kwamba Waingereza wana kanuni za kumaliza ugomvi ndani ya nyumba. Wabunge wa chama hupiga kura ya kutokuwa na imani na kiongozi wao, na anayeshindwa huondoka. Kenya haina mlango huo. Rais hawezi kuondolewa na chama chake, na anayeshindwa katika mvutano hupata njia moja tu: kutoka na kuunda chama kingine. Naye hutoka na jamii yake.

Ndivyo Ruto alivyofanya kwa kutumia chama cha UDA, akamshinda Odinga mnamo Agosti 2022 kwa asilimia 50.49 ya kura. Jubilee, iliyokuwa na wabunge zaidi ya 170 katika Bunge la Kitaifa mwaka wa 2017, ilibaki na wasiofika 30. Huko Nakuru, Kihika alimbwaga Gavana Lee Kinyanjui wa Jubilee. Hata hivyo, eneobunge la Nakuru Mjini Magharibi, ambamo Kaptembwo imo, lilimrejesha bungeni Samuel Arama wa Jubilee.

Kaptembwo haikuungua kama 2008. Sababu kubwa ni kwamba safari hiyo ufa wa chama tawala haukuzitenga jamii kubwa za Bonde la Ufa. Wakikuyu wengi na Wakalenjin wengi walikuwa upande mmoja.

Mgogoro uliofuata una sura tofauti. Mnamo Oktoba 2024, wabunge zaidi ya 280 walipiga kura kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua, na Seneti ikaidhinisha. Alikuwa wa kwanza kuondolewa hivyo chini ya katiba ya 2010. Mei 2025 alizindua chama chake, DCP. Ufa huu unamtenga Rais anayetoka Bonde la Ufa na aliyekuwa naibu wake kutoka Mlima Kenya, yaani kandokando ya mstari uleule ambao Jubilee ilidai kuufuta pale Afraha.

Hii haina maana kwamba ghasia lazima zirudi. Amani ya 2013, 2017 na 2022 mjini Nakuru inaonyesha kuwa wakazi wanaweza kuishi pamoja. Lakini amani iliyotegemea urafiki wa wanasiasa wawili huwa na umri wa urafiki huo.

Kwa hivyo, uchaguzi wa Agosti 2027 unapokaribia, wajibu haupo kwa wapangaji wa Kaptembwo pekee. Upo kwa vyama vyenyewe, ambavyo katika karibu nusu karne tangu mkutano ule wa Nakuru havijajifunza kumchagua mrithi bila kuivunja nyumba.