Mti wa masuku usiozaa si mti wa bure



Mvua za kwanza zikianza kunyesha huku Haut-Katanga, mabeseni ya masuku yanaonekana kwenye barabara zinazoingia Lubumbashi. Ni wakati mgumu nyumbani. Mahindi tuliyovuna mwezi wa 4 yamepungua, na shamba jipya linadai mbegu na mbolea. Pori linatupatia tunda ambalo hakuna mtu aliyelilima. Lakini masuku yakisha kuiva hayangoji. Siku chache tu na yameanza kuchacha, na mwenye beseni jioni anauza kwa bei yoyote ile, ama anatupa.

Njia moja ya kuokoa mali hiyo ni kupika konfitiri. Tutaeleza namna ya kuipika. Lakini kwanza tuongee juu ya mti wenyewe, kwa sababu bila mti hakuna cha kupika.

Mti wa kiume na mti wa kike

Katika vijiji vingi tunasikia neno hili: «Huu muti hauzalake, tuukate tu, tutoe makala.» Mtu anaona mti mkubwa, majani mazuri, lakini kila mwaka hauna tunda hata moja. Anaamua kwamba ni mti wa bure.

Ukweli njo huu: masuku ina miti ya kiume na miti ya kike. Si kama mwembe, ambao kila mmoja unaweza kuzaa. Mti wa kiume hautazaa hata ukingoja miaka 50. Kazi yake ni kutoa unga wa maua, na wadudu wanaupeleka kwenye maua ya mti wa kike. Tukimaliza miti ya kiume kwa makala, ile ya kike nayo inapungukiwa na matunda, na watu watasema pori limechoka, kumbe ni shoka letu.

Namna ya kuitambua ni rahisi. Wakati wa maua, mti wa kiume una maua madogo ya manjano yaliyofungana pamoja; ule wa kike una ua moja moja. Wakati wa matunda, miti yenye matunda yote ni ya kike. Funga kitambaa cha rangi moja kwa ya kike na cha rangi nyingine kwa ya kiume, ili mkata makala asiseme hakujua.

Namna ya kuokota

Suku tamu ni lile lililoanguka lenyewe. Kupiga matawi kwa fimbo kunaangusha mabichi pamoja na yaliyoiva, na yanapasuka. Okota kila asubuhi. Acha yenye matundu ya wadudu. Usiokote karibu na mabaki ya migodi wala kando ya barabara yenye vumbi la malori ya madini, kwa sababu vumbi hilo linashika kwenye ganda na linafika mkononi na mdomoni. Na tusiokote yote: machache yabaki chini yaote.

Namna ya kupika konfitiri

1. Osha masuku kwa maji safi, vunja ganda, toa nyama pamoja na mbegu. Weka maji kidogo, pasha moto polepole, kisha sugua kwenye kichujio chenye matundu makubwa mpaka mbegu zibaki peke yake. Usizisage.

2. Pima ile nyama. Kwa kilo 1, tia gramu 800 za sukari na maji ya ndimu 2 kubwa. Usiache ndimu. Masuku ni matamu lakini uchachu wake ni mdogo, na uchachu unasaidia konfitiri kushikana na kukaa bila kuharibika.

3. Chemsha kwenye sufuria pana, ukikoroga na kijiko cha mti bila kuacha, maana inaungua upesi chini. Baada ya nusu saa hivi, weka tone kwenye sahani baridi. Likijikunja ukilisukuma kwa kidole, imeiva. Likitiririka kama maji, endelea.

4. Wakati huohuo, chemsha bokali na vifuniko vyake ndani ya maji kwa dakika 10. Jaza konfitiri ingali moto kabisa, funga mara moja, andika tarehe. Weka mahali pa baridi pasipo jua.

Ukifungua bokali na kuona ukungu, mapovu, ama kusikia harufu ya pombe, tupa yote. Usitoe ukungu wa juu na kula ya chini.

Je, kuna faida?

Tunda ni la bure, lakini sukari, bokali na moto si vya bure. Kabla ya kuuza, koperative iandike kila kitu: sukari, ndimu, bokali, makala, usafiri mpaka sokoni, na saa za kazi za bamama. Jumlisha, gawa kwa hesabu ya bokali, njo utajua bei ambayo chini yake unapoteza. Omba wateja warudishe bokali tupu na uwapunguzie bei kidogo. Anzeni na sufuria moja, msikope falanga za sukari nyingi kabla ya kujua wanunuzi.

Na tusikate masuku ili kupika masuku. Tumieni matawi makavu yaliyoanguka na mbabula isiyopoteza moto.

Mbegu zisitupwe

Mbegu za masuku zinakufa upesi zikikauka. Zipande katika majuma ya kwanza, kwenye udongo uliochanganywa na ule wa chini ya mti mama. Udongo huo una uyoga mdogo unaoishi kwenye mizizi na kusaidia mche kula. Mti wa mbegu unachukua miaka mingi, hata 10, na hautajua kama ni wa kiume ama wa kike mpaka utoe maua. Mti uliopachikwa kijiti cha mti wa kike mzuri unaweza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na una hakika ni wa kike. Visiki vilivyokatwa vikichipuka, acha machipukizi 2 au 3 yenye nguvu, na kata njia ya moto kuyazunguka mapema, kiangazi kinapoanza.

Kwa mkutano ujao, tunaomba kila koperative ifanye mambo matatu: kuhesabu miti ya masuku iliyobaki, kutambua ya kiume na ya kike, na kukaa na chifu pamoja na wakata makala ili kupatana ni miti gani haiguswi. Gunia la makala linauzwa mara moja. Mti ukiachwa, msimu ujao utaangusha masuku tena, na batoto watakuwa wa kwanza kufika.