Kulinganisha Mipangilio ya Picha katika Kamera ya Video ya Mazoezi ya Kufundisha

Utangulizi

Ufundishaji wa vipindi vifupi ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, na Dwight Allen pamoja na wenzake. Shabaha yake ilikuwa mwalimu mwanafunzi afundishe kwa dakika chache, ajitazame, kisha ajirekebishe. Wakati huo mashine za kurekodi picha zilikuwa kubwa na za bei ghali. Leo kamera ndogo ya video, ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, hushikwa kwa kiganja kimoja, na chuo chenye kamera moja tu chaweza kuwahudumia wanachuo wengi.

Hata hivyo, wengi wetu huiwasha kamera, tukaielekeza darasani, tukaamini kwamba kilichoonekana katika picha ndicho kilichotendeka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si hivyo daima. Kabla ya kuitumia picha kumpima mwalimu, hatuna budi kwanza kuipima kamera yenyewe.

Kisa kilichotufunza

Wakati mmoja sisi wakufunzi tulikaa kutazama picha za somo la Kiswahili, ambalo mwanachuo wetu mmoja alilifundisha katika darasa la tatu. Kamera iliwekwa mbele, karibu na mlango, ikiwatazama watoto. Nyuma yao palikuwa na madirisha mapana. Katika picha madirisha yaling'aa kama bati juani, na watoto wa safu mbili za nyuma walikuwa vivuli tu. Tukaandika katika fomu ya tathmini kwamba wanafunzi wa nyuma hawakushirikishwa.

Mwanachuo alipoisoma fomu alisema kwa upole, "Mwalimu, hao wa nyuma ndio walionijibu zaidi." Tulidhani anajitetea. Lakini mkufunzi mwenzetu aliyekuwa ameketi kando ya darasa siku ile alileta daftari lake, na humo alikuwa ameandika safu kwa safu watoto walionyosha mikono. Daftari lilikubaliana na mwanachuo. Tuliirudia picha tukasikiliza kwa makini, na kweli sauti nyingi zilitoka nyuma. Mikono ilikuwapo, ila kamera haikuionyesha. Tulifuta maneno yetu, tukairekebisha alama, tukamwomba radhi. Baada ya hapo ndipo tulipoamua kuilinganisha mipangilio ya kamera yetu, mmoja baada ya mwingine.

Kanuni ya ulinganisho

Mwalimu anayetaka kujua ipi bora kati ya njia mbili za kufundisha kuhesabu hafundishi njia moja asubuhi kwa watoto wachangamfu, na ya pili alasiri kwa watoto wenye njaa. Akifanya hivyo, hatajua tofauti imetokana na njia au na njaa. Ndivyo ilivyo kwa kamera. Badili jambo moja tu, mengine yote yabaki yalivyo.

Tulichagua chumba kimoja, saa nne asubuhi, siku isiyo na mawingu. Kamera tuliifunga juu ya miguu mitatu ili isisogee. Mbele yake waliketi wanachuo watatu waliojitolea, dirisha likiwa nyuma yao. Kando yao tuliweka ubao wenye maneno ya chaki ya ukubwa wa namna tatu, khanga yenye rangi nyingi, na karatasi nyeupe. Kila mpangilio tuliurekodi kwa nusu dakika, tukitanguliza kadi yenye namba ili baadaye tusichanganye.

Jambo la pili lina uzito uleule: swali liwekwe kabla ya kutazama. Ukiuliza ni picha ipi nzuri, kila mtu atachagua inayompendeza, na mara nyingi huwa ni ile yenye rangi kali. Sisi tuliuliza maswali matatu. Je, maneno ya ubaoni yanasomeka? Je, uso na mikono ya mwanafunzi vinaonekana? Je, rangi ni zile zilizokuwapo chumbani? Waamuzi walikuwa wanachuo ambao hawakuwapo wakati wa kurekodi. Wao walinakili tu walichokiona, bila kuambiwa mpangilio uliotumika.

1. Kiasi cha mwanga

Kamera iliyoachwa ijipangie yenyewe hupima mwanga wa eneo lote la picha, kisha hutafuta wastani. Haijui lipi ni dirisha na upi ni uso wa mtoto. Dirisha likiwa kubwa, kamera huona mwanga umezidi, hivyo huupunguza, na nyuso zilizo mbele ya dirisha huwa nyeusi. Hasara hii huwa kubwa zaidi kwa watoto wetu, kwa kuwa ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe. Nyuso zao ndizo za kwanza kupotea kivulini.

Kinyume chake pia hutokea. Ubao mweusi ukijaza picha, kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, ubao hugeuka wa kijivu, na shati jeupe la mwalimu hung'aa hata mikunjo yake isionekane.

Kamera nyingi zina mpangilio wa kurekebisha mwanga wa nyuma. Katika jaribio letu mpangilio huo ulizirudisha nyuso. Bora kuliko huo ulikuwa mpangilio wa mkono: tulipima mwanga kwa kuutazama uso, kisha tukaufunga usibadilike. Dirisha liliungua likawa jeupe tupu, lakini hatukuja kulitathmini dirisha. Hata hivyo, tiba iliyo rahisi kuliko zote haimo katika kamera. Isogeze kamera hadi upande wa madirisha, ili mwanga utoke nyuma yake na kuwaangukia watoto.

2. Weupe na rangi

Macho yetu huona karatasi kuwa nyeupe chini ya jua na hata chini ya taa, lakini kamera haina uzoefu huo. Mwanga wa jua la mchana huhesabiwa kuwa karibu nyuzi 5,600 za Kelvini, na ule wa taa za studio za waya uwakao karibu nyuzi 3,200. Ukiweka mpangilio wa taa hali mwanga ni wa jua, picha yote huwa na ubuluu. Ukiweka wa jua hali mwanga ni wa taa ya waya, picha huwa na manjano.

Mpangilio wa kujiendesha ulifaa kamera ilipotulia. Tulipoigeuza polepole kutoka ubaoni hadi ukuta uliopakwa rangi, weupe wa karatasi ulibadilika njiani. Kwa somo la hesabu kasoro hii haidhuru. Kwa somo la sayansi linalotumia karatasi ya litmasi, au somo la rangi katika darasa la kwanza, inadhuru sana, maana mwanachuo anaweza kulaumiwa kwa kuita nyekundu kitu kilichoonekana cha chungwa. Dawa ni kujaza picha kwa karatasi nyeupe mahali pale pale pa somo, kuiamuru kamera iuchukue weupe huo, na kurudia kila mwanga unapobadilika.

3. Kasi ya kilango na taa za darasani

Kasi ya kilango ni muda ambao kamera hupokea mwanga kwa ajili ya kila picha. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kwa sababu hiyo taa za mirija za namna ya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui. Lakini kamera iliyopangwa kwa ajili ya nchi zenye umeme wa mizunguko 60, ikipokea mwanga kwa sehemu 1 ya 60 ya sekunde, huonyesha picha inayopumua, mara ng'avu mara hafifu. Tulipoweka 1/50 na kisha 1/100, mpepeso ulikoma.

Kasi kubwa, kama 1/500, huzuia ukungu katika mambo yaendayo mbio. Inafaa uwanjani, pale tunapotaka kuona jinsi mtoto anavyorusha mpira wa netiboli. Ndani ya darasa iliifanya picha kuwa na giza, na kamera ilipojaribu kulifidia ikajaza picha chengachenga kama mchanga. Mpangilio wa mwanga hafifu nao una hila yake. Huipunguza kasi, na mkono wa mwalimu unaoandika huacha mkia nyuma yake.

4. Ubora wa kurekodi

Hapa mwanachuo hushawishika kuchagua ubora wa juu kuliko wote, au wa chini kuliko wote ili kadi isijae. Tuchukue mfano wa kamera za mfumo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Kipindi cha dakika 40 huhitaji takriban nafasi ifuatayo:

Megabiti 24 kwa sekunde: GB 7.2
Megabiti 17 kwa sekunde: GB 5.1
Megabiti 9 kwa sekunde: GB 2.7
Megabiti 5 kwa sekunde: GB 1.5

Kwa hiyo kadi ya GB 16 hubeba vipindi 2 kamili kwa ubora wa kwanza, na 10 kwa ubora wa mwisho. Waamuzi wetu hawakuona tofauti kati ya 24 na 17 katika kusoma ubao. Kwa 5, picha iliyotulia ilisomeka, lakini watu waliposogea wengi kwa pamoja, kingo zao zilivunjika vipande vya mraba, na maneno madogo ya chaki yakapotea. Ushauri wetu ni 17 kwa somo linalotegemea ubao, na 9 kwa majadiliano ya vikundi.

Yafaa kuongeza kwamba kuvuta picha karibu kwa tarakimu, baada ya lenzi kufikia mwisho wake, hakuongezi chochote kinachosomeka. Hukuza tu madoa yale yale. Ni afadhali kuisogeza kamera hatua mbili.

Hitimisho

Hakuna mpangilio ulio bora kwa kila somo. Kuna mpangilio unaojibu swali tulilolileta darasani. Mwalimu mwanafunzi ambaye amewahi kuilinganisha mipangilio kwa mikono yake ataitazama picha yake kwa haki. Hatajidharau kwa kosa la kamera, wala hatalisingizia kamera kosa lililo lake. Nasi wakufunzi tunaotia alama tunapaswa kukumbuka kwamba kiza kilicho katika picha si ushahidi wa kiza darasani. Mahali picha isipoonyesha, muulize aliyekuwapo.

Mwisho, watoto si vifaa vya majaribio. Kabla ya kuwarekodi, pata kibali cha mwalimu mkuu na cha wazazi, na picha hizo zisitoke nje ya kazi iliyokusudiwa.

Zoezi

(a) Katika vikundi vya watu wanne, rekodini ubao mmoja kwa mipangilio mitatu ya mwanga. Kikundi kingine kinakili maneno kitakayoweza kuyasoma.

(b) Chora ramani ya darasa utakalofundisha wakati wa mazoezi, ukionyesha madirisha. Weka alama mahali patakapofaa kamera, na ueleze sababu.

(c) Tazama tena picha ya somo lako la zamani. Andika mambo mawili uliyolaumiwa, na uchunguze kama picha yatosha kuyathibitisha.