Corvette, Mustang au Camaro: Lipi Linafaa kwa Siku ya Uwanjani?

Katika familia zetu za ughaibuni kuna mazungumzo yanayojirudia. Kijana amemaliza chuo, amepata kazi yenye mshahara wa maana, na gari la kwanza analolitaka si Toyota ya kumfikisha kazini. Anataka Mustang. Mwingine ni baba wa watoto wawili. Ameitazama Corvette kwenye simu kwa miaka, na sasa anaona zamu za ziada zinaweza kuilipia. Mama, mke au dada wanapinga, na ubishi unafika kwenye swali moja: gari lenye nguvu zote hizo utalikimbizia wapi?

Swali hilo lina jibu. Hapa Marekani viko viwanja vya mbio vinavyowapokea watu wa kawaida na magari yao ya kawaida. Unalipa ada, mara nyingi dola mia kadhaa kwa siku. Gari linakaguliwa, unapangwa na wenye uzoefu kama wako, kisha mnaingia uwanjani kwa vipindi vya dakika 20 hivi. Hakuna mshindi wala kombe. Katika siku nyingi za mafunzo, mgeni hukaa na mwalimu kwenye kiti cha abiria. Walioko Columbus wana uwanja wa Mid-Ohio, walioko Washington wana Summit Point kule West Virginia, Atlanta wana Road Atlanta, na wa Minnesota wana Brainerd.

Mimi ni muuguzi. Nikiulizwa wapi kijana aonje kasi, nitasema uwanjani, ambako hakuna lori linalokuja mbele, hakuna mtoto anayevuka barabara, na watu wa huduma ya kwanza wako karibu. Lakini gari linalosifiwa barabarani si lazima liwe zuri uwanjani. Kabla hamjaweka sahihi kwa muuzaji, yafaa familia ijue magari haya yanalinganishwaje.

Nguvu za farasi hazitoshi

Matangazo ya magari ya Kimarekani huanza na nguvu za farasi: 455, 480, 500, 707. Barabarani namba hizo huleta sifa. Uwanjani, swali la kwanza ni kama gari litaweza kusimama kwenye mzunguko wa kumi kama lilivyosimama kwenye wa kwanza.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua gari la kilo 1,650 linalokwenda maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160, kisha lipunguze hadi maili 50 kabla ya kona. Joto linalotoka hapo linatosha kuchemsha zaidi ya lita tatu na nusu za maji ya bomba. Gari la kilo 2,000 likifanya hivyohivyo, joto lake lingechemsha zaidi ya lita nne. Hiyo ni kona moja tu. Uwanja una kona nyingi, na utazirudia kwa dakika 20.

Joto likizidi, pedi za breki hupoteza mkamato. Mafuta ya breki nayo huchemka na kutoa mapovu, na pedeli inazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana unashauriwa kuyabadilisha kabla ya kwenda, hata kama gari ni zima.

Kwa hiyo ukilinganisha magari, uliza mambo manne kwa mpangilio huu: uzito, breki, vipozaji vya oili na giya, kisha tairi. Nguvu za farasi zije mwisho.

Mustang: gari la kazini na la uwanjani

Mustang imekuwa ikiuzwa tangu 1964, na kwa familia nyingi ndiyo yenye hoja nzuri zaidi. Ina viti vinne, ingawa vya nyuma ni vya watoto na vikapu vya sokoni. Ina buti la kutosha, na vipuri vyake vinapatikana kila jimbo.

Mustang GT ya kizazi kilichoanza na modeli ya 2024 ina injini ya lita 5.0 yenye silinda 8 na nguvu za farasi 480. Ukitaka kuipeleka uwanjani, usinunue GT tupu. Tafuta yenye kifurushi cha Performance Pack, kwa sababu huleta breki kubwa za Brembo, tairi pana na difu inayogawa nguvu vizuri kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Juu yake kuna Dark Horse, yenye nguvu za farasi 500 na vipozaji vya ziada kutoka kiwandani. Ilipotoka bei yake ilikuwa takriban dola 60,000.

Udhaifu wake ni uzito. Ni gari la kilo 1,750 hadi 1,800, na sehemu kubwa kidogo ya uzito huo iko mbele, juu ya magurudumu yanayokata kona. Ukiingia kona kwa pupa, pua husukuma kwenda nje. Kwa anayejifunza, hilo lina faida yake: gari linakuonya mapema kabla halijakuponyoka.

Camaro SS 1LE: fundi asiyependa maneno

Chevrolet iliacha kutengeneza Camaro baada ya modeli ya 2024, kwa hiyo sasa utaipata ya mkononi. Ukiona herufi 1LE kwenye maelezo ya muuzaji, simama usome. Hicho ni kifurushi kilichotengenezwa kwa ajili ya uwanja. SS 1LE ina injini ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 455, giya sita za mkono peke yake, breki za Brembo, shokapu zinazobadilisha ugumu kwa umeme, na vipozaji vya oili ya injini, giya na difu.

Nguvu zake ni pungufu ya Mustang, lakini ni nyepesi kuliko Dark Horse na inakata kona kwa utulivu. Kwa anayetaka gari la uwanjani hasa, hesabu ya fedha inaipendelea.

Kasoro yake utaiona dakika ya kwanza: madirisha ni membamba na unaona nje kwa shida. Kwa mama anayerudi nyuma kwenye maegesho ya shule, hilo si jambo dogo. Tairi zake za asili nazo ni za joto. Tairi za aina hiyo hukakamaa hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, kwa hiyo kwa walioko Ohio au Minnesota, utahitaji seti nyingine ya tairi za baridi au ulaze gari mpaka majira ya kuchipua.

Corvette: yenye kasi kuliko zote hizi

Corvette ilianza 1953, na kwa miaka yote hadi modeli ya 2019 injini yake ilikaa mbele ya dereva. Modeli ya 2020 iliihamishia nyuma ya viti, na gari likabadilika tabia. Takriban asilimia 60 ya uzito sasa iko nyuma, kwa hiyo ukikanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, magurudumu yanashika ardhi badala ya kuteleza. Injini ni ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 490, au 495 likiwa na kifurushi cha Z51. Haina klachi ya mguu, bali giya nane zinazojibadilisha zenyewe au kwa vidole kwenye usukani.

Kwa uwanjani chukua yenye Z51, maana ndiyo yenye breki kubwa na vipozaji zaidi. Z06, yenye injini ya lita 5.5 na nguvu za farasi 670, ni gari la ajabu, lakini bei yake imevuka dola 100,000 na mgeni hataitumia hata nusu.

Hoja ya familia dhidi ya Corvette ni fupi: viti viwili. Kama ndiyo gari pekee la nyumba na kuna mtoto wa kumpeleka kliniki, mjadala umeisha. Tena tairi za mbele na za nyuma zina upana tofauti, 245 na 305, hivyo huwezi kuzihamisha ili ziishe kwa usawa. Na gari ambalo injini yake iko nyuma husamehe kwa muda mrefu, lakini nyuma ikianza kuzunguka, inazunguka haraka.

Challenger na Corvette kongwe

Dodge Challenger Hellcat ilipotoka na modeli ya 2015 ilikuwa na nguvu za farasi 707. Kwenye mstari ulionyooka haina mchezo. Lakini ina uzito wa takriban tani mbili, na mkirudi kwenye ile hesabu ya maji yanayochemka mtaona kwa nini inakula breki na tairi. Uzalishaji ulisimama 2023. Ni gari la kufurahia, ila si la kujifunzia kona.

Kwa asiyetaka deni, kuna Corvette ya kizazi cha tano, ya 1997 hadi 2004. Ina nguvu za farasi 345 au 350 kwa modeli ya kawaida, na uzito wake hauzidi sana kilo 1,450. Gari jepesi namna hiyo halichoshi breki haraka, na kosa dogo halikugharimu nyumba. Kwa kuwa ni la zamani, mpe fundi akague mipira ya rejeta, breki na bearingi za magurudumu. Tazama pia umri wa tairi wewe mwenyewe: namba nne za mwisho pembeni mwa tairi ni wiki na mwaka. 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya 2021.

Deni na bima

Hapa ndipo naomba familia isome kwa makini. Tuchukue mfano: gari la dola 60,000, mkopo wa miaka sita kwa riba ya asilimia 7, bila malipo ya awali. Ni kama dola 1,023 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa zaidi ya dola 73,000. Hapo bado tairi, ambazo kwa magari haya seti moja hupita dola 1,500.

Bima nyingi za magari binafsi hapa Marekani, hata ile bima kubwa, zina kifungu kinachoondoa uwanja wa mbio. Ukigonga ukuta siku hiyo, benki itaendelea kudai deni la gari ambalo halipo tena. Ipo bima maalumu ya siku ya uwanjani, inayokatwa kulingana na thamani ya gari. Inunue, au peleka gari ambalo unaweza kuliacha pale likiwa limebondeka na bado ukalipa kodi ya nyumba na kutuma pesa ya nyumbani. Kwa wengi wetu, wanaotutegemea ni zaidi ya wanaokaa nasi.

Siku yenyewe

Usiende moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Mwili usiolala huchelewa kuitikia, na kahawa haimalizi deni la usingizi. Kunywa maji tangu asubuhi, maana ndani ya helmeti na joto la injini utatoka jasho usilolitambua. Helmeti iwe na alama ya Snell SA, ambayo hupimwa pia kwa moto. Ile ya pikipiki yenye alama M haina kipimo hicho, na waandaaji wengi huikataa.

Toa kila kitu kilicho huru ndani ya gari, hata zulia la miguuni. Kaza nati za magurudumu kwa kipimo. Jifunze bendera: ya manjano ni hatari mbele na hakuna kupita mwenzako, nyekundu ni kusimamishwa, nyeusi ni kurudi kwa waandaaji. Ukimaliza kipindi, endesha mzunguko mmoja taratibu ili breki zipoe, na ukiegesha usivute hendibreki, acha gari kwenye giya.

Walioko Ghuba wana viwanja vya Dubai Autodrome na Yas Marina, lakini kwa joto lile vipozaji si anasa. Walioko Uingereza wanaweza kupata Mustang yenye usukani wa kulia tangu 2015, ila waulize kwanza uwanja kuhusu kikomo cha kelele, kwa sababu silinda 8 za Kimarekani hazijui kunong'ona.

Basi lipi?

Kama gari ni moja na nyumba ina watoto, chagua Mustang GT yenye Performance Pack. Kama kuna gari jingine la familia na unataka kujifunza kweli, tafuta Camaro SS 1LE iliyotunzwa, au ile Corvette kongwe ya fedha taslimu. Corvette mpya ni ya mwenye gari la pili, akiba, na misimu kadhaa ya uwanjani nyuma yake.

Na wewe mzazi au mwenzi unayepinga, usiishie kukataa. Sema: nenda uwanjani kwanza na gari ulilonalo, hata kama ni Corolla, lenye breki nzima na mafuta mapya ya breki. Waandaaji wengi hulikubali. Akirudi jioni atakuwa amejifunza kona, breki na woga wake mwenyewe, na mazungumzo ya kununua gari yatakuwa ya watu wazima wawili.