Jahazi la Mfaransa, Nahodha wa Sultani

Lori likisimama mpakani hapa Kipushi linaulizwa mara mbili. Kuna anayetaka karatasi za gari na kuna anayetaka karatasi za dereva. Gari linaweza kuwa na namba za Tanzania, anayeliendesha akawa Mzambia, na shehena ikawa ya mfanyabiashara wa Lubumbashi. Hakuna anayeshangaa. Wala hakuna dereva atakayesimama mbele ya watu wa duane adai kwamba, kwa kuwa gari ni la Dar es Salaam, yeye hashikwi na sheria za Kongo. Baharini hoja hiyo hiyo ilidaiwa kwa uzito wote, na kuijibu kulichukua zaidi ya miaka sitini, manowari za mataifa mawili na majaji watatu walioketi The Hague.

Wanasheria huiita kesi ya majahazi ya Muscat. Hukumu yake ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905, na hadi leo hutajwa kila watu wanapobishana juu ya nani ana haki ya kuipa meli bendera. Wenye majahazi hayo hawakuwa wageni kwa Waswahili. Walikuwa watu wa Sur, mji wa bandari ulio kwenye pembe ya mashariki ya Oman, si mbali na Ras al-Hadd. Kila mwaka kaskazi ilipoanza kuvuma walishuka hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, na wengine wakaendelea mpaka Komoro na Madagaska. Walikuja na tende, chumvi na samaki mkavu. Kusi ilipowageuza walirudi na boriti za mikoko. Na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 walirudi pia na watu waliouzwa.

Hapo ndipo Mwingereza alipoingia. Baada ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake, alitaka meli zake za doria zipate ruhusa ya kupekua chombo chochote kinachotiliwa shaka. Sultani wa Muscat na yule wa Zanzibar walisukumwa hadi wakakubali kwa mikataba. Ufaransa ilikataa. Mwaka 1841 wajumbe wake walitia sahihi mkataba wa mataifa matano ulioruhusu kupekuana, lakini upinzani nyumbani ulikuwa mkali kiasi kwamba haukuidhinishwa kamwe. Wafaransa waliona kuwa meli yenye bendera yao kupekuliwa na baharia wa Kiingereza ni kudhalilishwa.

Msuri aliielewa hali hiyo haraka kuliko wanadiplomasia wengi. Ufaransa ilikuwa na visiwa vya Mayotte na Nosy Be, na baadaye ikapata Obock na Djibouti. Ofisi za huko zilitoa hati kwa mwenye jahazi, na pamoja na hati, bendera. Nahodha aliyeipandisha aliweza kuipita doria ya Mwingereza huku akimtazama usoni. Si kila aliyeichukua alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Wengi walitaka tu safari isiyo na usumbufu na nafasi ya kuwakwepa watoza ushuru wa Sultani. Lakini waliobeba watumwa walikuwamo.

Tarehe 3 Desemba 1881 jambo hilo lilionekana wazi karibu na Pemba. Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa HMS London, manowari kuukuu iliyotiwa nanga Zanzibar kama kituo cha doria, alikuwa katika mashua ndogo ya mvuke na mabaharia wachache. Wakaliona jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Kwa sababu ya bendera hiyo hakukusudia kulipekua. Alitaka kuhakiki karatasi tu, basi mashua ikasogea bila watu wake kujiweka tayari kwa vita. Mlikuwa na watumwa ndani. Wenye jahazi wakawamiminia risasi, na Brownrigg akauawa pamoja na baadhi ya watu wake. Kwa Waingereza, tangu siku hiyo, bendera ya Ufaransa juu ya jahazi haikuwa tena suala la adabu za kidiplomasia.

Utata wa namna hii, wa mtu mmoja kuwa chini ya mabwana wawili, ulikwishavuruga wafalme karne nyingi kabla ya hapo. Mei 1293, karibu na pwani ya Bretagne, mabaharia wa mfalme Edward I wa Uingereza walipigana na mabaharia wa Normandi na kuwashinda. Yangeweza kuwa maneno ya bandari mbili, yakaishia kwenye fidia. Lakini Edward, ingawa mfalme kwao, alikuwa pia mtu wa chini ya mfalme wa Ufaransa kwa ajili ya jimbo lake la Gascony. Philip IV akampelekea amri ya kuitwa barazani kujibu makosa ya mabaharia wake, kama anavyoitwa mtu yeyote aliye chini yake. Mwaka uliofuata Gascony ikatangazwa kunyang'anywa na vita vikaanza. Mtu mmoja, mabwana wawili, na amri ya kifalme isiyosema inamfuata mtu kwa lipi hasa: damu yake, ardhi yake au chombo chake.

Sultani Faisal bin Turki, aliyetawala Muscat kuanzia 1888, alijikuta katika fumbo hilo hilo, ila yeye ndiye aliyekuwa mnyonge. Raia wake wa Sur, waliozaliwa Sur na kuzikana Sur, walimwambia kuwa wao sasa ni watu wa Ufaransa. Konsuli wa Kifaransa aliunga mkono. Upande wa pili, Mwingereza alimsukuma awakemee. Mwaka 1900 alikwenda Sur mwenyewe akiandamana na wakala wa Uingereza, Percy Cox, na akatoa tangazo la kuwakataza watu wake kuchukua bendera ya kigeni bila idhini yake. Msomaji wa leo angeliona tangazo hilo la kawaida kabisa, lakini Ufaransa ililipinga kwa sababu lilifuta hati ambazo yenyewe ilizitoa.

Mwaka 1903 ukazuka mkasa. Watu wachache wa Sur wenye karatasi za Kifaransa walivunja karantini iliyowekwa Muscat, na Sultani akawafunga. Konsuli akadai waachiwe, kwa hoja kwamba waliolindwa na Ufaransa hawahukumiwi na Sultani. Manowari ya Ufaransa ikafika. Ukumbuke kuwa miaka minne kabla ya hapo, mnamo Februari 1899, admirali wa Kiingereza alikwishatishia kulipiga kasri la Faisal kwa mizinga kwa kosa la kuwapa Wafaransa mahali pa kuweka makaa ya mawe karibu na Muscat. Mtawala wa namna hiyo huitwa huru kwa maandishi tu. Maandishi yenyewe yalikuwapo: mnamo Machi 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kuheshimu uhuru wa masultani wa Muscat na wa Zanzibar. Na mnamo Machi 1891 Uingereza ilipata kwa siri ahadi ya Faisal ya kutoitoa ardhi yake kwa taifa lolote isipokuwa Uingereza. Miaka kumi na minne baadaye mawakili wa Uingereza walisimama The Hague wakitetea kwa hisia uhuru wa Sultani.

Sisi wa Katanga tunahusika na kesi hii, na si kwa sababu ya malori tu. Novemba 1889 mfalme Leopold II, mwenye Dola Huru ya Kongo, aliyakaribisha mataifa Brussels kujadili biashara ya watumwa. Mkutano uliongozwa na Mbelgiji Baron Lambermont, yule yule ambaye miezi michache kabla ya hapo aliamua mgogoro wa Waingereza na Wajerumani juu ya kodi ya forodha ya Lamu. Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890 ulikuwa wa mataifa 17, Zanzibar na Kongo yakiwamo. Katika kurasa za bahari ulisema jahazi la kienyeji halitapewa bendera ya dola lolote ila kwa masharti: mwenyewe awe raia wa dola hilo au mtu wa ulinzi wake, awe na mali ya kudhamini, asiwe na rekodi ya kuuza watu. Baharia mweusi ahojiwe kwanza kuthibitishwa kwamba anapanda kwa hiari. Zanzibar ikawekwa ofisi ya kimataifa ya kukusanya taarifa za doria.

Leopold hakuwa mtu wa kukaribisha watu bure. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umemkataza kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo Kongo, na alihitaji fedha. Tamko lililoambatana na mkataba wa Brussels likamruhusu kutoza hadi asilimia 10. Hoja yake ilikuwa kwamba kupigana na biashara ya watumwa kunagharimu. Haikupita miaka miwili, msafara wa Stairs ukafika Bunkeya kwa niaba yake, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri, mtawala wa huko, akauawa. Mkutano uleule ulimpa mfalme wa Brussels ushuru wa mizigo yetu na ukawawekea manahodha wa Sur masharti yao; sijui kama kuna waliokaa mezani pale waliowahi kuwafikiria watu wa Katanga na wa Sur kwa pamoja.

Ufaransa iliidhinisha mkataba huo tarehe 2 Januari 1892, ikiacha vifungu vya kupekua meli. Lakini kifungu cha masharti ya bendera ilikikubali. Tarehe hiyo ndiyo ikawa mhimili wa kesi.

Uingereza na Ufaransa zilikubaliana tarehe 13 Oktoba 1904 kupeleka shauri kwa majaji watatu: Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani, Jonkheer de Savornin Lohman wa Uholanzi, na mwenyekiti Heinrich Lammasch wa Austria, profesa wa sheria ambaye mwaka 1918 angekuwa waziri mkuu wa mwisho wa dola ya Austria iliyokuwa ikisambaratika. Sultani hakuwa mdaawa katika kesi. Wenye majahazi hawakuulizwa lolote.

Hukumu ni fupi na ina makali. Kwanza, kila dola huamua lenyewe limpe nani bendera yake. Kwa hiyo kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa Wasuri bendera, kwa kufuata sheria zake tu. Waliopata kabla ya hapo wanabaki nayo. Baada ya hapo, Ufaransa ilijifunga kwa mkataba: ingempa mtu aliye chini ya ulinzi wake halisi tu. Na kuhusu ulinzi huo, majaji waliangalia sheria ya Dola ya Osmani ya mwaka 1863, wakaona kuwa tangu hapo mataifa ya Ulaya yaliacha kujitengenezea walindwa wapya katika nchi za Mashariki kwa hiari yao. Msuri alipaswa kuthibitisha kuwa alitambuliwa na kutendewa hivyo na Ufaransa kabla ya 1863. Mwaka 1905 mtu huyo alikuwa mzee mno kushika usukani, kama alikuwapo bado.

Kisha majaji wakafanya kile ambacho polisi wa mpakani hapa hufanya bila kusoma hukumu yoyote: wakatenganisha gari na dereva. Jahazi lenye idhini halali lisiguswe hata likiwa ndani ya maji ya Muscat, kwa mujibu wa mkataba wa Ufaransa na Muscat wa Novemba 1844. Lakini mwenyewe, nahodha, mabaharia na familia zao hawakupata kinga yoyote kwa sababu ya kitambaa kilichokuwa juu ya mlingoti. Wanabaki raia wa Sultani, na akiwafunga kwa kuvunja karantini, amewafunga watu wake.

Kifungu cha mwisho ndicho kilichoumiza zaidi, ingawa wengi hukiruka. Idhini haihamishwi. Si kwa mtoto, si kwa mnunuzi, wala si kwa jahazi jingine la mwenyewe yule yule. Fikiria maana yake kwa fundi wa mbao. Jahazi huoza, ubao wa chini hubadilishwa, kisha mwingine, hatimaye huundwa chombo kipya. Hati ya Kifaransa ilikufa na mbao za kwanza. Hakukuhitajika amri mpya wala manowari mpya. Majaji waliwapa Wafaransa haki yao kwa ukamilifu, kisha wakaiweka mahali ambapo ingemalizwa na mchwa na maji ya chumvi. Kwa ustadi wa kisheria nadhani ni hukumu nzuri sana. Kwa Msuri aliyetegemea hati ile kulisha jamaa yake, haikuwa na nafasi ya kumsikiliza hata kidogo.

Kanuni ya kwanza ya hukumu hiyo, kwamba kila dola huamua limpe nani bendera, imo leo katika mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, ikiwa na nyongeza kwamba pawepo uhusiano wa kweli kati ya meli na dola. Neno hilo la uhusiano wa kweli halijawahi kufafanuliwa vizuri. Kwa hiyo zinki ya Kipushi ikifika bandarini hupakiwa bila mshangao kwenye meli ambayo mwenyewe ni Mgiriki, bendera ni ya Liberia na mabaharia ni Wafilipino. Mwaka 2012 iligundulika kuwa bendera ya Tanzania imepandishwa kwenye meli za mafuta 36 za Iran, zilizokuwa zikikwepa vikwazo vya kimataifa na kusajiliwa Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Wamarekani walilalamika, serikali ikachunguza, usajili ukafutwa. Sehemu kubwa ya wananchi wa Zanzibar walisikia habari hiyo redioni, kama sisi.