Unatoa gasketi ya nduthi? Weka bisibisi chini kwanza

Nduthi yako inavuja oili kati ya hedi na silinda? Ukiona fundi anakuja na bisibisi na nyundo kutoa gasketi ya zamani, msimamishe hapo hapo. Aluminiamu ni laini, bana. Mkwaruzo mmoja tu na oili itapata njia hata ukiweka gasketi mpya. Gasketi ni doo kidogo; kupeleka hedi isawazishwe kwa mashine ndio itakukausha mfuko.

Kwanza ziba silinda na matambara safi, na kama ni Boxer usisahau pale cheni ya taiming inapita. Kipande kikidondoka humo kinaeza ziba njia ya oili.

Halafu paka thina kwa mabaki, ngoja dakika 10 hivi (fegi weka mbali, thina haina utani). Ikilainika, laza wembe karibu ulale kabisa, usukume mos mos. Kona zitakusumbua. Paka tena, usilazimishe. Na msasa? Zii. Unga wake ukiingia ndani unakula ringi na beringi.

Ukimaliza, pangusa na petroli kisha pitisha kucha. Ikikwama mahali, bado kuna gasketi hapo.