Fahamu: Kamera za porini zinatunza wanyama, nani anatunza picha za wanakijiji?

Akili mnemba imeshaingia porini. Huko Serengeti, mtandao wa kamera 225 ulikusanya picha milioni 3.2, na mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa kompyuta inaweza kutambua wanyama wa aina 48 kwa usahihi unaolingana na wa watu waliojitolea kuzipitia. Katika pori la akiba la Grumeti, jirani na Serengeti, kamera za TrailGuard, zinazotambua watu kwa akili mnemba, zilifichwa kando ya njia za miguu na kusaidia kukamatwa kwa watu 30 walioshukiwa kuwa majangili wakati wa majaribio.

Ni kazi njema. Lakini kamera haichagui. Mama anayepita na mzigo wa kuni kichwani naye anapigwa picha, na programu inasema neno moja tu: binadamu. Haijui kama ana kibali, amepotea njia au anatafuta mbuzi wake. Nasi wa Singida Mjini jambo hili linatuhusu, maana mapori ya akiba ya Rungwa na Muhesi yamo mkoani humu, na ndugu zetu wanaishi jirani nayo.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa maoni yangu, kijiji kiambiwe kabla kamera haijafungwa, picha za wasiohusika zifutwe, na asikamatwe mtu kwa neno la mashine pekee. Wanyama nao wanahitaji siri: taarifa za mahali alipo faru zikivuja, jangili hana haja ya kufuata nyayo.

Kama mnapakana na pori, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji: picha zetu zinakaa wapi, na nani anaziona?