INJINI IENDAYO NA INJINI IKAAYO

Katika viwanda vya kahawa vya Meru na Embu, mashine ya kumenya kahawa hukaa mahali pamoja msimu hata msimu. Mkulima ndiye aiendeaye na gunia lake. Mashine haimfuati mkulima. Jambo hilo laeleza vizuri asili ya neno la Kiingereza la injini ya reli, yaani "locomotive".

Neno hilo limetokana na Kilatini: "locus" ni mahali, na "movere" ni kusogeza. Waingereza walikuwa nalo tangu karne ya 17, kabla ya kuwapo injini ya reli, wakieleza kwalo kitu chenye uwezo wa kujiondoa mahali kilipo. Injini za mvuke za kwanza hazikuwa na uwezo huo. Zilisimamishwa penye migodi, zikavuta maji yaliyojaa chini. Mwaka 1804, huko Wales, injini ya Richard Trevithick iliyowekwa juu ya magurudumu ilivuta mabehewa ya chuma relini. Ndipo ilipokuwa lazima kutenga injini iendayo na injini ikaayo, na neno la zamani likapata kazi mpya.

Hata neno "injini" lina ukoo wa heshima. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya akili aliyozaliwa nayo mtu.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Waswahili hawakuitaja kwa mwendo wake bali kwa kile kilichoonekana toka mbali: gari la moshi. Baadaye injini za dizeli zilishika mahali pa zile za mvuke, lakini jina la moshi likabaki.

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, kisha ikaendelea mpaka Nanyuki. Haikufika mji wa Meru wala wa Embu. Kahawa ambayo Waafrika wa huko waliruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930 ilihitaji barabara na lori. Basi mkulima wa huko aweza kuongeza neno moja katika maana ile ya Kilatini: injini hiyo huenda mahali hata mahali, lakini ni pale tu palipotandikwa reli.